Kuua Seli Si Kuponya Mtu: Mti wa Shimba Hills na Upimaji wa Dawa za Saratani



Nimeombwa nizungumzie dawa za miti na saratani, na sidhani kuna aliyekaa humu ambaye jambo hili halijamfika mlangoni. Mtu akishaambiwa hospitali kwamba uvimbe wake ni saratani, jua halichwi kabla simu hazijaanza kuita. Shangazi anao mzizi. Jirani anamfahamu mzee mmoja Muheza. Kijana wa nyumbani ametumiwa ujumbe kwamba majani ya mstafeli yana nguvu mara elfu kumi kuliko dripu za hospitali. Na mwishoni mwa ujumbe huo hayakosekani maneno haya: imethibitishwa na wanasayansi.

Kazi yangu ni hiyo ya kupima mimea, kwa hiyo maneno hayo ya mwisho yananihusu mimi na wenzangu. Nataka jioni hii nieleze tunachokipima ni nini hasa, na majibu yetu yanaruhusu kusema nini. Neno langu ni moja, nami nalitanguliza ili mnipime kwalo. Mti unaoua seli za saratani maabara bado haujawa dawa. Kati ya hatua hiyo na dawa kuna safari ndefu, na watu wetu wanakufa kwa sababu tunawaambia kwamba safari imekwisha wakati ndiyo kwanza imeanza. Anayeupenda mti na anayempenda mgonjwa wana wajibu mmoja: kuimaliza safari hiyo.

Dawa za hospitali zilizotoka mitini

Kwanza tumpe kila mwenye haki haki yake. Yeyote asemaye dawa za miti ni ushirikina mtupu, na aingie wodi ya saratani asome maandishi kwenye chupa za dripu.

Mnalijua ua la vinka, lile la waridi au jeupe lenye petali tano, linaloota mbele ya nyumba zetu bila kumwagiliwa. Asili yake ni Madagaska. Jamaika watu walikuwa wakichemsha majani yake kutibu kisukari, na katika miaka ya 1950 majani hayo yalifika Kanada mikononi mwa watafiti Robert Noble na Charles Beer. Waliwanywesha panya, sukari haikushuka. Walipowadunga sindano ya dondoo hiyo, panya wakafa kwa maambukizi, kwa kuwa seli nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno. Mwingine angeyatupa majani na kuandika kwamba hayafai kitu. Wao wakajiuliza: kinachopunguza seli nyeupe, hakiwezi kuzipunguza kwa mgonjwa wa saratani ya damu ambaye seli hizo zimemzidi? Mwaka 1958 wakaitangaza vinblastini. Mdogo wake, vinkristini, aliyepatikana katika maabara za kampuni ya Eli Lilly, aliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963.

Dawa hiyo ina historia kwetu pia. Mwaka huohuo wa 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe uliokuwa ukivimbisha taya za watoto wa Uganda. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipoanzishwa mwaka 1967, vinkristini ikawa miongoni mwa dawa walizopewa watoto hao, na wapo waliopona wakakua. Leo, kuanzia Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hadi Nairobi na Kampala, mtoto mwenye limfoma ya Burkitt bado anapewa dawa iliyotoka katika ua hilo.

Mfano wa pili ni paklitakseli, ambayo wagonjwa wa saratani ya matiti na ya ovari wanaifahamu. Ilitoka katika gamba la mti uitwao Taxus brevifolia, wa magharibi mwa Marekani. Gamba la kwanza lilichunwa mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani walichapisha umbo la kemikali yake mwaka 1971. Susan Horwitz alieleza namna inavyofanya kazi mwaka 1979. Kibali cha kuwapa wagonjwa kikatoka mwaka 1992. Hesabuni wenyewe: miaka 30.

Mti huo ulipatikana katika mpango mkubwa wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ambao kati ya 1960 na 1982 ulipima dondoo zipatazo 114,000 za aina 35,000 hivi za mimea. Dawa zilizofika kwa mgonjwa kutokana na kazi yote hiyo zinahesabika kwa vidole. Kwa hiyo miti inatoa dawa za saratani, hilo halina ubishi. Lakini miti inayoua seli katika kipimo cha kwanza ni mingi mno, na inayotoa dawa ni michache mno, na mtu akiletewa mti mpya lazima akumbuke mambo haya yote mawili.

Ndani ya vishimo 96

Sasa niwaingize maabara. Mzizi ukishafika, unaoshwa, unakaushwa kivulini na kusagwa. Lakini kabla ya kusagwa, tawi lenye majani na maua au matunda linabanwa, linakaushwa na kupelekwa kwa mtaalamu wa mimea alithibitishe na kulihifadhi. Kijana anayeruka hatua hii hajapima kitu. Jina moja la mti linabeba mimea tofauti ukivuka mto tu, na siku dondoo yake itakapotoa majibu mazuri hatajua arudi kuchukua mti gani.

Unga huo unalowekwa katika ethanoli au kimiminika kingine, unachujwa, kisha kimiminika kinavukizwa mpaka libaki tope zito la kunata, mara nyingi jeusi au la kijani kibichi. Hilo ndilo tunaloliita dondoo. Ndani yake kuna kemikali mamia, zenye nguvu na zisizo na nguvu, zimechanganyika.

Upande wa pili wa chumba kuna seli. Nyingi ni uzao wa seli zilizotolewa kwa wagonjwa zamani. Maarufu kuliko zote zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1951, ambaye hakuombwa ruhusa, na seli zake zinaendelea kugawanyika hadi leo katika maabara za dunia nzima. Seli hizi hukaa katika inkubeta yenye joto la mwili wetu, nyuzi 37, zikilishwa maji yenye sukari, chumvi na virutubisho.

Chombo chenyewe cha kupimia ni sahani ya plastiki inayoenea kiganjani, yenye vishimo 96, safu 8 kwa 12. Katika kila kishimo tunatia seli elfu kadhaa na kuziacha usiku kucha zishike chini. Kesho yake tunatia dondoo, kali kabisa katika kishimo cha kwanza, nusu yake katika cha pili, nusu ya hiyo katika cha tatu, hivyohivyo mpaka inakaribia maji. Baada ya siku mbili au tatu tunatia rangi ya manjano. Seli iliyo hai huigeuza rangi hiyo kuwa ya zambarau, na iliyokufa haifanyi kitu. Njia hii aliichapisha Tim Mosmann mwaka 1983, nayo inapendwa kwa sababu unaona majibu kwa macho kabla mashine haijayasoma: zambarau iliyokolea upande mmoja, ikififia kishimo kwa kishimo, mpaka manjano tupu pale ambapo hakuna aliyesalia.

Sahani ikitoka hivyo, moyo unaruka. Nami nawaambia wanafunzi wangu kwamba hapo ndipo pa kuanza kuitilia shaka. Swali la kwanza: seli zenye afya zimepatwa na nini? Sabuni ya unga inaua seli za saratani. Siki inaziua, na maji ya chumvi kali yanaziua. Miti mingi ina kemikali za jamii ya sabuni zinazopasua ngozi ya seli yoyote, na mingine ina tanini, zile zinazokausha mdomo ukitafuna gamba, ambazo hugandamana na protini yoyote zinayoikuta. Kama kando ya safu za seli za saratani hukuweka seli za kawaida, hujui kama una dawa au una sabuni.

Swali la pili: dondoo yenyewe imeidanganya rangi? Baadhi ya mimea hugeuza manjano kuwa zambarau hata pasipo seli, ukadhani zingali hai. Swali la tatu: kimiminika ulichoyeyushia kimeua nini peke yake? Na la nne: dawa inayojulikana, uliyoiweka katika safu yake kwa kulinganisha, imefanya kazi kama ilivyotarajiwa? Sahani isiyo na safu hizo za kulinganisha haiwezi kusema hapana, na kipimo kisichoweza kusema hapana hakina thamani pale kinaposema ndiyo.

Niseme pia habari ya artemia, wale wadudu wadogo wa maji ya chumvi ambao mayai yao huanguliwa ndani ya siku mbili. Maabara zetu nyingi hazina inkubeta wala seli, hivyo tunawatumia hao: tunawatia katika dondoo, kesho yake tunahesabu waliokufa. Ni kipimo cha bei nafuu, na kimetusaidia sana tangu kilipoanza kuenea miaka ya 1980. Lakini kinachopimwa hapo ni sumu kwa mdudu wa majini. Ripoti inayotoka hapo ikaandikwa "dawa ya saratani" inamkosea aliyeutoa mti na inamkosea mgonjwa.

Namba moja na mwili mzima

Majibu ya sahani hufupishwa katika namba moja: kiasi cha dondoo kinachopunguza seli kwa nusu. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliweka kizingiti kwamba dondoo isiyosafishwa ihesabiwe ina nguvu ikiwa inafanya hivyo kwa mikrogramu 20 hadi 30 au chini ya hapo katika kila mililita. Zaidi ya hapo, kwa kawaida mti unawekwa kando. Hata hivyo kila mwaka nakutana na maandiko yanayosifu mti uliohitaji mikrogramu 100, 200, hata 500.

Hebu tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu. Chukua dondoo inayohitaji mikrogramu 100 kwa mililita. Mwili wa mtu mzima una maji lita 40 hivi. Ili kiasi hicho kienee mwilini zinahitajika gramu 4 za dondoo, na zote ziwe zimeshapenya. Tuseme asilimia moja tu ya kile anachokunywa ndiyo inayopenya tumboni na kulipita ini. Basi inabidi anywe gramu 400. Tuseme tena kwamba kila kilo ya majani makavu inatoa gramu 100 za dondoo. Mgonjwa huyo anahitaji kilo nne za majani makavu, na kesho tena, kwa sababu figo na ini havilali. Kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni hakiwezi kufika huko. Badilisheni makadirio yangu mnavyotaka, lakini hesabu ya namna hii lazima ifanywe kabla mtu hajaambiwa aache dripu.

Mti wa Shimba Hills

Sasa nifike Kwale, pwani ya Kenya. Msitu wa Shimba Hills una mti uitwao kitaalamu Maytenus buchananii, na sioni kisa kinachoeleza kazi hii vizuri kuliko chake.

Wakusanyaji wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, akiwemo Robert Perdue, walichukua sampuli ya mti wa jamii ya Maytenus kule Ethiopia kwa ajili ya mpango niliokwisha kuutaja. Dondoo yake iliua seli kwa ukali wa kushangaza. Mwaka 1972, S. Morris Kupchan na wenzake walitangaza kemikali yenyewe, maitansini. Ilipatikana kwa uchache mno, miligramu za kuhesabika katika kilo nzima ya mti, hivyo akatafutwa jamaa wa mti huo wa Ethiopia aliye nayo kwa wingi zaidi. Akapatikana Kwale. Katika miaka ya 1970 zikavunwa Shimba Hills tani 27 hivi za mti huu kwa ajili ya utafiti.

Maitansini hufanya nini? Seli ikitaka kugawanyika hutengeneza nyuzi ndogo za protini za kuvutia urithi wake pande mbili. Maitansini huzizuia nyuzi hizo zisijengeke, kama zifanyavyo dawa za vinka, lakini kwa nguvu iliyozidi mno. Katika sahani ilikuwa miongoni mwa kemikali kali kuliko zote zilizowahi kupimwa, na panya wenye saratani walipata nafuu. Kila mtu alitarajia makubwa.

Mwaka 1975 wagonjwa wakaanza kupewa maitansini. Kwa kipimo cha miligramu chache tu walitapika, waliharisha, miili ikalegea, mishipa ya fahamu ikaumia. Wachache tu ndio waliopungukiwa na uvimbe. Kemikali haikujua kutofautisha seli ya saratani na seli ya utumbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio yakasimamishwa. Sahani ilikuwa imesema ndiyo, panya nao wakasema ndiyo, na mwili wa binadamu ukasema hapana.

Naomba tutue hapo kidogo, kwa sababu mfano huu ni wetu. Hii haikuwa dondoo hafifu ya mikrogramu 200. Ilikuwa kemikali safi, kali, iliyochunguzwa kwa fedha nyingi na mikono ya wataalamu, na bado ilishindwa. Iwapo hiyo ilishindwa, mtu anayeuza chupa ya maji ya mizizi stendi, akiapa kwamba haina madhara na inatibu saratani za kila aina, anasimama juu ya nini?

Lakini kisa hakikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu inayonipa moyo. Kwa kuwa walioipima walieleza kwa ukweli jinsi ilivyoshindwa, waliofuata walijua tatizo liko wapi: nguvu ipo, kinachokosekana ni kuipeleka mahali pake. Wakatumia kingamwili, zile protini zinazonasa kitu kimoja tu na kukiacha kingine. Katika saratani ya matiti, kama moja kati ya tano au chini kidogo, seli hujaza juu yake protini iitwayo HER2, na kulikuwa tayari na kingamwili ya kuinasa. Wakaifungia kila kingamwili chembe tatu au nne za kemikali ya ukoo wa maitansini. Ikawa kama bahasha yenye anwani: inazunguka damuni ikiwa imefungwa, inafika kwenye seli yenye HER2, inamezwa, na humo ndani ndimo inamofunguka.

Dawa hiyo inaitwa trastuzumabu emtansini. Ilipimwa kwa wagonjwa 991 ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa na dawa za awali zimeshindwa. Nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 30.9, ilhali kwa waliopewa tiba iliyokuwapo wakati huo ilikuwa miezi 25.1. Kibali Marekani kilitoka Februari 2013, miaka 41 baada ya Kupchan kuitangaza maitansini. Miezi ipatayo sita kwa mama mwenye watoto si jambo dogo, na hakuna aliyeipata kwa kuruka hatua.

Na kuna la kushangaza zaidi. Kemikali inayotiwa katika dawa hiyo haitoki tena mtini. Mwaka 1977 watafiti wa Kijapani waligundua bakteria wanaotengeneza ndugu wa maitansini, na leo hufugwa katika matangi ya kiwandani. Mwaka 2014 ukachapishwa utafiti juu ya Putterlickia, mti wa kusini mwa Afrika wa ukoo huohuo, ukionyesha kwamba ndani ya mizizi yake bakteria ndio wanaoitengeneza maitansini. Chanzo cha dawa kilikuwa mti pamoja na wakazi wake wasioonekana. Jambo hili linatufundisha kwamba mti uliokatwa Kwale na wa aina hiyohiyo uliopandwa bustanini kwingine huenda usiwe na kitu kilekile, kwa hiyo msitu wenyewe ni sehemu ya maktaba.

Deni

Imeandikwa kwamba Wadigo wa Kwale walikuwa wakiutumia mti huu katika tiba zao kabla mgeni hajafika na gunia. Tani 27 ziliondoka. Imeandikwa pia kwamba wakusanyaji waliporudi baada ya miaka michache kutafuta mingine, walipata shida, maana miti ilikuwa haijachipua ya kutosha. Mkataba wa kimataifa wa kulinda bioanuwai, unaotambua haki ya nchi juu ya mimea yake, ulikuja mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya ya kugawana manufaa ikakubaliwa mwaka 2010. Mti wa Kwale ulikuwa umeshaondoka zamani.

Kenya ilitunga kanuni zake mwaka 2006, na mwaka 2016 ikapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na kitengo cha utafiti wa dawa za asili kimekuwapo Muhimbili tangu 1974. Sheria hizo hazina maana kama mtafiti anapanda pikipiki mpaka kwa mzee, ananywa chai yake, anaondoka na mzizi, na mzee haoni hata nakala ya ripoti. Nasema haya kwa watafiti wenzangu: andikeni makubaliano kabla ya kuchimba mzizi, kwa lugha anayoisoma mzee, na yaseme nani atapata nini mti ukitoa kitu, na nani ataambiwa mti usipotoa kitu. Hilo la pili tunalisahau. Mganga aliyekuamini na mti wake anastahili kurudishiwa majibu, hata yakiwa mabaya, na hasa yakiwa mabaya, ili asiendelee kumpa mgonjwa kitu ambacho umekwisha kuona kinaharibu figo.

Mstafeli, na sumu inayopendwa

Nirudi kwenye ujumbe wa mstafeli, maana najua ndio unaongojwa. Ni kweli kwamba majani na mbegu za mstafeli zina kemikali zinazoua seli za saratani katika sahani. Mojawapo ni anonasini. Huzima mtambo wa nishati ulio ndani ya seli, seli ikafa kwa kukosa nguvu.

Lakini mtambo huo umo karibu katika kila seli, na seli za ubongo zinauhitaji kuliko nyingi nyingine. Katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, watu wanapenda matunda ya jamii ya mstafeli na chai ya majani yake. Mwaka 1999 madaktari waliripoti kwamba huko kulikuwa na wagonjwa wengi kupita kawaida wa ugonjwa unaofanana na Parkinson, wa kukakamaa na kuanguka, usiosikia dawa za kawaida, na wengi wao walikuwa watumiaji wa mimea hiyo. Panya waliodungwa anonasini waliharibika ubongo. Sisemi mtu asile stafeli moja kwenye karamu. Nasema kwamba nguvu ileile inayotajwa kwa furaha katika ujumbe ndiyo inayotiliwa shaka kuharibu ubongo, na anayekunywa chai hiyo kila siku kwa miezi hajaambiwa upande huo wa habari.

Haya hayatokei kwetu tu. Marekani walihangaika miaka na kemikali ya mbegu za aprikoti iitwayo laetrili, hadi mwaka 1982 ilipopimwa kwa wagonjwa 178. Haikumponya hata mmoja, na baadhi walionyesha dalili za sumu ya sianidi. Nasi tunakumbuka mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo, maelfu ya watu walivyopanga foleni kwa kikombe cha dawa ya mti cha shilingi 500, wengine wakitolewa vitandani hospitali. Siwalaumu waliokwenda. Foleni ile ilitueleza jinsi maumivu yalivyo mengi na tiba ya uhakika ilivyo mbali na watu, na kwa hilo mtafiti na serikali wana la kujibu zaidi kuliko mgonjwa.

Madhara ya namna nyingine huja kimyakimya. Ini ndilo linalovunjavunja vinkristini na paklitakseli. Baadhi ya mimea hulizuia ini kazi hiyo, dawa ikajazana mwilini ikawa sumu. Mingine hulihimiza, dawa ikatoka kabla haijafanya kitu. Daktari anaona mgonjwa anadhoofu na hajui sababu, kwa kuwa mgonjwa aliogopa kusemwa.

La kufanya

Nimalize kwa kusema na kila mmoja.

Wewe unayemuuguza mtu nyumbani: chukua hiyo chupa au hilo gunia la majani, nenda nalo kliniki, liweke mezani kwa daktari. Na wewe daktari, ukiletewa, usikunje uso. Ukimkaripia leo, kesho atakunywa bila kukwambia. Kubwa kuliko yote, msisubiri. Wengi wanafika Ocean Road saratani ikiwa imeshasambaa, na katika miezi iliyopotea ndimo ilimokuwa nafasi ya kupona. Saratani ya mlango wa kizazi ikikamatwa mapema mara nyingi inapona. Limfoma ya Burkitt kwa mtoto inaweza kupona. Hakuna mzizi unaostahili kuila miezi hiyo.

Ninyi waganga wetu: mnao ujuzi ambao hakuna kitabu kinao, wa mti upi, msimu upi, sehemu ipi. Naomba mtukabidhi ujuzi huo kwa makubaliano, nanyi mtudai majibu. Mgonjwa akiwajia na uvimbe usiopona au damu isiyo ya kawaida, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Mganga anayejua mwisho wa uwezo wake ndiye tunayemtafuta tufanye naye kazi.

Ninyi vijana wa maabara: wekeni seli za kawaida katika kila sahani. Hifadhini tawi. Mkikuta mikrogramu 300, andikeni kwamba mti hauna nguvu ya kutosha, na mchapishe, ili mwenzenu wa Makerere au Bukavu asipoteze miaka miwili kuurudia. Msiandike "dawa ya saratani" katika kichwa cha makala iwapo mlichokiona ni vishimo vilivyobaki manjano. Kuna mtu atakisoma kichwa hicho kwa simu, akiwa na mama yake kitandani, naye hatasoma jedwali lenu.

Na ninyi wenye mamlaka: inkubeta moja inayozimika kila umeme ukikatika haiwezi kuwa mpango wa taifa. Tunahitaji maabara chache zenye vifaa kamili, zenye seli zilizothibitishwa, wataalamu wa kemia wa kuitenga kemikali moja kutoka kwenye tope, wataalamu wa sumu, na madaktari wa kuendesha majaribio kwa wagonjwa waliokubali kwa hiari na kwa kuelewa. Bila mlolongo huo mzima, tutaendelea kuwa watoaji wa magunia, na dawa zitaturudia kwa bei ambayo mama wa Kwale hawezi kuilipa.

Mti wa Shimba Hills ulifika mwisho wa safari kwa sababu kila hatua kulikuwa na watu waliokubali kuambiwa hapana, wakaandika sababu, wakamwachia mwingine aanzie hapo. Uaminifu huo haununuliwi nje, na hauhitaji mashine. Maabara ya chuo kidogo inaweza kuanza nao Jumatatu, na mganga wa kijijini anaweza kuanza nao leo usiku. Tukiwa nao, mti ujao hautaondoka bila jina la mwenyewe, na mgonjwa wetu ataambiwa ukweli wakati ukweli bado unaweza kumsaidia.